Maadili ya Wika: "isipomdhuru yeyote" inapimwaje kwa mtu anayeishi Mwanza?

NyegeziStendi

Habari za jioni wakuu. Naomba kuelimishwa na wanaoijua dini ya Wika kwa undani.

Ninachokifahamu ni kwamba ni dini mpya iliyotangazwa Uingereza katikati ya karne iliyopita, ina Mungu wa kike na Mungu wa kiume, inafuata mwezi na majira, na kauli yake kuu ni kutomdhuru mtu. Kuna pia "sheria ya mara tatu", kwamba unachokituma kinakurudia mara tatu. Hapo ndipo ninapokwama. Kutodhuru kunapimwaje kwa vitendo? Mtu akimwombea mgonjwa bila kumwambia, amekosea? Dawa ya mapenzi inaruhusiwa? Na hiyo mara tatu ni imani ya wote au ya wachache?

La pili: kwa mtu wa hapa Kanda ya Ziwa, ambako neno uchawi lina damu ndani yake, anaishikaje dini hii peke yake bila kuwatia majirani hofu na bila kuvunja sheria? Naomba majibu yenye hatua, tafadhali. Vitisho na mahubiri tuviweke pembeni kwa leo.

---

Mama Kirumba

Karibu mwanangu. Nianze na kauli yenyewe, maana wengi wanaishika vibaya.

Kwa Kiingereza cha kizamani ina maneno manane tu. Tafsiri iliyo karibu ni hii: "Isipomdhuru yeyote, tenda utakalo." Wenyewe wanaiita kwa neno la kale lenye maana ya shauri. Ni shauri, wala haikuja kama amri kutoka mlimani. Doreen Valiente, kuhani aliyeandika sehemu kubwa ya maneno ya ibada za Wika, aliitamka hadharani mwaka 1964, na kuanzia hapo ikasambaa.

Sasa isome polepole. Inasema jambo lisilo na madhara ni ruksa. Kuhusu jambo lenye madhara imenyamaza. Haikusema "ni haramu", kwa sababu hakuna binadamu anayemaliza siku bila kudhuru kitu: daktari wa upasuaji anamkata mtu ili apone, na sato aliye sahani mwako alikuwa hai alfajiri. Kauli inachosema ni kwamba palipo na madhara ruksa ya bure imekwisha. Hapo unapima mwenyewe, unaamua mwenyewe, na matokeo yakija huna wa kumsukumia. Anayedhani Wika ni dini rahisi kwa kuwa haina orodha ndefu ya makatazo, bado hajakaa na maneno hayo manane vya kutosha.

Na "utakalo" siyo kila kinachokupitia kichwani. Maana yake ni lile unalolitaka kweli baada ya kujichunguza. Hasira ya saa tatu usiku haimo.

Kuhusu mara tatu: wengi wanaisimulia kama adhabu ya ulimwengu, ukipiga kofi moja unapigwa matatu. Chimbuko lake ni tofauti. Katika riwaya ya mwaka 1949 ya Gerald Gardner, Mwingereza aliyeitangaza Wika, anayeingizwa kwenye dini anafundishwa kwamba akipokea wema, anawajibika kuurudisha mara tatu. Yaani ni deni la shukrani analobeba mtu. Habari ya kurudiwa na mabaya mara tatu ilienea baadaye, hasa kupitia Raymond Buckland aliyeipeleka Wika Marekani miaka ya 1960. Valiente mwenyewe hakuikubali hiyo ya adhabu. Kwa hiyo jibu lako: ni imani ya wengi, siyo ya wote, na mtu anaweza kuwa mfuasi kamili bila kuishika. Mimi naona yule anayejizuia kudhuru kwa kuogopa kurudiwa hajaanza maadili bado. Anahesabu gharama tu.

Sasa vitendo. Kabla ya kazi yoyote (kazi ni ibada yenye nia maalumu, mshumaa na maneno), chukua karatasi uandike mistari minne. Nataka nini. Nani anaguswa. Aliyeguswa ameridhia? Njia ya kawaida nimeshaijaribu? Karatasi ilale usiku mmoja, usome tena asubuhi kabla ya kufanya chochote.

Mstari unaoharibika ni wa pili. Watu wanaandika jina moja wakati wanaoguswa ni watano. Chukua mfano: mtu ana usaili kwenye kiwanda cha kuchakata samaki, nafasi moja, waombaji kumi. Akiandika "nipate mimi ile nafasi", wanaoguswa ni wale tisa na msaili mwenyewe, na hakuna aliyeridhia kuchezewa akili. Akiandika "siku ile nitulie, nijieleze vizuri, nisisahau ninayoyajua", anayeguswa ni yeye peke yake. Ibada ni ileile, mshumaa ni uleule. Nia imehama kutoka kwenye vichwa vya watu ikaingia kifuani mwake.

Ukiwa na kipimo hicho, maswali yako mawili yanajijibu. Mgonjwa: muulize kwanza. "Naomba nikuombee kwa namna yangu, unaridhia?" Akikataa, acha. Akiwa hajitambui, wengi wanaomba kwa nia ya "apate analolihitaji, kama naye anataka", na muda uliobaki wanampelekea uji na kulipia bajaji. Mapenzi: ukimlenga mtu kwa jina lake umeshika hiari yake, umemdhuru hata kama atacheka kila siku. Limbwata kwa mizani ya Wika ni sawa na kumfunga mtu kamba. Kinachoruhusiwa ni kujifanyia wewe, upungue woga, ufungue moyo, umtambue anayekufaa atakapopita.

Kuna jambo moja zaidi watu hawaliulizi. Katika hotuba ya Mungu wa kike, ile ambayo Valiente aliipa maneno tunayoyajua leo, zimetajwa sifa nane, mbilimbili: uzuri na nguvu, uwezo na huruma, heshima na unyenyekevu, furaha na uchaji. Zimepangwa hivyo kwa makusudi. Uwezo bila huruma yake ni hatari, na unyenyekevu ukikosa heshima ya nafsi unakuwa utumwa. Hizo ndizo zinazojenga tabia ya siku hadi siku. Kauli ya kutodhuru inakuwekea mpaka tu, na mtu hawezi kuishi mpakani.

---

Sheria_Mkononi

Naongezea upande wa maneno na sheria, kwa sababu hapa kosa la tafsiri linaweza kumgharimu mtu.

Usijitambulishe kwa Kiswahili kama "mchawi", hata kama vitabu vya Kiingereza vinatumia neno lao kwa fahari. Kwa Kiswahili mchawi ni anayedhuru; hana maana nyingine. Kisukuma nacho kimetenganisha zamani: *nfumu* ni mganga, *nogi* ni mwangamizi. Mfuasi wa Wika si huyu wala yule. Sema "mfuasi wa Wika" au "ni dini ya kuheshimu maumbile", inatosha na ni kweli.

Uingereza ilifuta sheria yake ya uchawi ya mwaka 1735 mnamo 1951, ndipo Gardner akaweza kuchapisha kitabu chake cha 1954 bila kujificha. Sisi Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1928, bado ipo. Inagusa kujidai una nguvu za uchawi, kutengeneza au kuwa na vifaa vyake, na kutishia kuvitumia. Inagusa pia kumtaja mtu mwingine kuwa ni mchawi, na hilo watu hawalijui. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa imani, lakini uhuru huo unaenda pamoja na sheria za nchi. Kwa hiyo: kuomba, kutafakari, kuwasha mshumaa na ubani nyumbani kwako ni ibada. Kumwambia jirani "nina uwezo wa kukufanya kitu" ni kosa hata kama ulikuwa unatania.

Ukitaka kuwapa watu wengine mitishamba kama tiba, hilo ni suala jingine: kuna Sheria Na. 23 ya 2002 ya tiba asili na tiba mbadala, na usajili unapita kwenye Baraza lake. Mwezi Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Wafuasi wa Wika wa Marekani walipokutana Minneapolis mwaka 1974 waliandika misingi 13, na ndani yake wanasema hawamwabudu Shetani na hawatafuti nguvu kupitia mateso ya wengine. Mtu yeyote atakayekutajia kiungo cha binadamu, nywele za mtu, kucha au damu, hafuati Wika hata kama amevaa nyota tatu shingoni. Toa taarifa polisi siku hiyohiyo.

---

NyegeziStendi

Shikamoo Mama Kirumba, na asante sana mkuu Sheria_Mkononi. Mistari minne nimeielewa. Sasa upande wa ibada yenyewe: vitabu vyote vinazungumzia duara la futi tisa, majira manne ya Ulaya, na kwenda ufukweni usiku wa mwezi mpevu. Kwa chumba cha kupanga na kwa ziwa letu hili, mtu anafanyaje?

---

Mvuvi wa Igombe

Ufukweni usiku: acha. Nalisema hili kwanza kwa sababu ndipo mtu anapoumia kabisa.

Ziwa letu lina kichocho. Vimelea vinatoka kwenye konokono walioko kwenye majani ya kando, vinapenya ngozi ndani ya dakika chache, na huhitaji kuwa na kidonda. Saa za mchana jua likiwa kali ndipo vinapotoka kwa wingi. Jioni vinapungua, lakini jioni ndiyo saa ya kiboko kupanda nchi kavu kula majani, na mamba haonekani gizani. Kwa hiyo ibada ya "kuingia majini hadi magotini" iliyoandikwa na mtu wa Ulaya kwa ajili ya mto wa kwao haihamishiki. Ukitaka maji ya ziwa kwenye bakuli, chota mchana kutoka mwambani au gatini ambako hakuna majani, bila kukanyaga maji, yafunike na uyaache saa 48 ndipo uyaguse kwa mkono. Vimelea havivuki muda huo. Bado si ya kunywa mpaka yachemke. Aliyekwisha ingia majini aende zahanati apimwe. Dawa ni prazikwanteli na kipimo chake wanakipanga wao kwa uzito.

Sadaka nazo. Kutupa mshumaa, kitambaa, chupa au chakula chenye mafuta ziwani ni kudhuru, na unamdhuru yule Mungu wa maumbile unayesema unamheshimu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo, na sababu yake ni hiyohiyo. Sadaka inayokubalika ni kikombe cha maji safi kumwagiwa mti, au saa moja ya kuokota plastiki ufukweni mchana. Hiyo ya pili ndiyo ninayoiamini zaidi, na haina jirani atakayeiogopa.

Sasa duara. Futi tisa ni kipenyo cha mita 2.74, yaani kamba ya mita 1.37 kutoka katikati. Chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi kinabakiza sentimita 15 tu kila upande, na kitanda cha nne kwa sita kimeshakula robo ya sakafu. Usihangaike. Futi tisa zilikuwa za kundi la watu hadi 13. Kwa mtu mmoja futi tano zinatosha, kamba ya sentimita 76, na usichore kwa chaki wala unga. Mwenye nyumba akikuta alama sakafuni utamwelezaje? Zunguka kwa miguu mara tatu ukiwa umenyoosha kidole. Kisu cheusi cha ibada vitabu vinakitaja sana, ila hakikati kitu, kazi yake ni kuelekeza tu, na kidole kinafanya kazi hiyohiyo. Ufagio, chungu cheusi na ungo ubaki jikoni. Kwetu vitu hivyo vitatu vikionekana pamoja mlangoni saa sita usiku, maelezo hayasaidii tena.

Moto unahitaji umakini kuliko vyote. Mshumaa ukae kwenye bakuli la udongo lenye mchanga wa sentimita tatu, mbali na chandarua kwa angalau mita moja na nusu, au chandarua kifungwe juu kabisa. Dirisha upande wa ziwa lina upepo kuanzia alasiri, unalaza mwali mpaka kwenye pazia. Ubani: chetezo chenye mchanga chini, kipande cha mkaa cha ukubwa wa kidole gumba, kikishakuwa na majivu meupe juu weka punje tatu au nne za ubani. Watu wanakosea kwa kumwaga kijiko kizima, chumba kinajaa moshi, wanakohoa, nia inapotea. Dirisha liwe wazi muda wote, na mkaa uzimwe kwa maji nje kabla ya kulala. Gesi ya mkaa haina harufu na inaua usingizini.

Mafuta ya kujipaka: matone sita ya mafuta makali ya mmea kwenye mililita 30 za mafuta ya nazi, yasizidi kumi na mawili. Mchaichai ukizidi unaunguza ngozi. Na mnanaha, huo mmea wa maua meupe kama tarumbeta unaoota kando ya majalala, usiuguse kabisa hata ukiuona umetajwa kwenye marhamu ya kale ya "kuruka". Ni sumu, kipimo chake hakishikiki, na mtu anachanganyikiwa kabla moyo haujasimama.

Pande nne za dunia: mashariki hewa, kusini moto, magharibi maji, kaskazini ardhi. Aliyeko Nyegezi ana bahati, ghuba iko magharibi yake kweli. Kwa wa Igombe maji yako kaskazini, na wengine wanabadilisha ardhi na maji. Ni sawa, mradi usibadilishe kila wiki. Kuhusu kuzunguka, kaskazini ya dunia wanafuata mwendo wa saa kwa kuwa ndivyo jua linavyoonekana kwenda. Kusini kabisa wanageuza. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta, jua linapita utosini katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba. Chagua mwendo mmoja.

Majira manne ya Ulaya ndiyo yanayowapoteza wengi. Sikukuu nane za mwaka zimefungwa kwenye urefu wa mchana, na hapa siku ndefu na siku fupi zinapishana kama dakika 17 tu. Kusherehekea "usiku mrefu kuliko yote" tarehe 21 Desemba, au Juni kwa waliogeuza, mwili hausikii chochote. Mwezi ndio unaofanana kote: siku 29 na nusu, mara 12 au 13 kwa mwaka. Anza na mwezi mpevu. Kisha weka alama kwenye vitu vinavyobadilika machoni pako: mvua ya kwanza ya vuli karibu Oktoba, masika ya Machi, kiangazi kikianza Juni. Wengi waliokaa miaka kwenye dini hii karibu na ikweta wanaishia hapo.

---

Mawe_ya_Igogo

Nakubaliana na Mama Kirumba kwa sehemu kubwa, ila naogopa tukiacha kila kitu mikononi mwa "ridhaa" tunaipunguza Wika. Ridhaa inajibu swali la watu. Haijibu swali la ziwa, la mti, la mizimu ya wenyewe. Mfano ni masamva, mizimu ya mababu kwa Wasukuma. Mtu anasoma sura mbili za Wika kisha anachukua masamva anayaweka kwenye duara lake kama pambo. Nani aliridhia? Mababu wa nani? Wika haikutoka Usukumani na haina ruhusa ya kuchota huko. Kama una ukoo wenye mila hiyo, nenda kwa wazee wako ufundishwe kwa utaratibu wao. Kama huna, heshimu kwa mbali.

Lakini kujifunza kwa kulinganisha ni ruksa. Fikirini ngoma zetu. Wagika na Wagalu wanacheza siku moja, uwanja mmoja, na kundi linalovuta watu wengi ndilo linaloshinda. Ngika na Gumha, waasisi wa makundi hayo katika karne ya 19, walijulikana kwa dawa za mvuto, samba. Sasa weka swali la Wika hapo: dawa inayompa mchezaji ari na miguu myepesi, na dawa ya kumvunjia mpinzani ngoma yake, ni kitu kimoja? Mtazamaji anayevutwa na uchezaji mzuri ameamua kwa macho yake. Mpinzani aliyeanguka kwa kuwekewa kitu hakupewa nafasi. Huo mpaka uko wazi kwa mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye uwanja wa Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma, bila kitabu cha Kiingereza.

Jambo la mwisho kwa mleta mada, kwa sababu utatafuta walimu. Kwa desturi ya Gardner, kuingizwa kwenye dini hakulipiwi. Mtu husoma mwaka mmoja na siku moja kwanza, na ngazi ni tatu. Mwalimu akikuomba "tuma kwa namba hii tukufungulie", akikutaka faragha ya mwili, akikukataza kuwaambia ndugu zako uko wapi, ondoka. Kufuata peke yako ni njia kamili, haina upungufu.

---

NyegeziStendi

Nimeelewa sana, asanteni. Swali la mwisho. Karata 78 za kutazamia zinaruhusiwa? Na kama mtu akisikia unazo, akaja kuuliza nani kamroga mtoto wake?

---

Mama Kirumba

Umegusa penyewe mwanangu. Kila lililoandikwa juu ya ukurasa huu linaishia hapo.

Karata zilianza Italia karne ya 15 kama mchezo wa kawaida, habari ya kutazamia ilikuja baadaye sana Ufaransa. Kwa Wika zinatumika kama kioo: picha inakuamsha, unaona ulichokuwa unakikwepa. Kwa matumizi hayo hazina neno. Mwiko ni mmoja, na kwa hapa Mwanza hauna msamaha: karata haziulizwi "nani". Ramli chonganishi imeua bibi zetu. Mwanamke amepika kwa kuni na mavi makavu ya ng'ombe miaka hamsini, moshi umemfanya macho yawe mekundu, halafu mtu asiyemjua anachora mistari chini na kusema "ni mama wa macho mekundu, anakaa upande wa machweo". Hakutaja jina, lakini kijiji kizima kimeshajua. Hayo ndiyo madhara makubwa ambayo mfuasi wa Wika katika mkoa huu anaweza kuyafanya, na anaweza kuyafanya akiwa na nia njema kabisa, akiwa amewasha mshumaa mweupe.

Kwa hiyo jifunze kugeuza swali kabla hujagusa karata. "Nani kanifunga biashara?" inakuwa "Mwezi huu nibadilishe nini dukani?" "Nani anamtaka mume wangu?" inakuwa "Niseme nini nyumbani ambacho nimekinyamazia?" Swali lisilogeuzika halipigiwi karata. Ukiona picha ya mwanamke mzee au mtu mwenye upanga, usiseme ni jirani, usiseme ni shangazi, usiseme ni mtu wa upande fulani. Hata kunyamaza kwa namna ya kujua kitu ni kutaja. Mweleze mapema kwamba picha ni tabia zilizomo ndani yake mwenyewe.

Na akija mama na mtoto mgongoni, karata hazitoki kabatini hata kidogo. Mtoto wa homa na degedege mara nyingi ni malaria, na saa ndizo zinazoamua. Unainuka, unachukua kanga, unamwambia hivi: "Karata hazijui jina la mtu, mama. Homa imeanza lini? Twende zahanati, nakusindikiza."